Siku Friza Ilipovuka Sakafu ya Mninga

Pale Kihesa, upande wa juu wa mji wa Iringa, watu walimjua Ikupa kwa maziwa mgando. Mumewe, Liberatus Kalinga, walimjua kwa sakafu. Nyumba za jirani zilikuwa na sakafu za saruji, na waliojaliwa zaidi waliweka vigae. Sebule ya Kalinga peke yake ndiyo iliyotandikwa mbao, mninga mtupu kutoka ukuta hadi ukuta, wekundu wake umekolea kama chai ya rangi iliyokaa jikoni.

Liberatus alikuwa seremala. Ufundi aliupata katika shule ya misheni, akaenda nao Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, akawa anatengeneza milango na madirisha ya nyumba za wafanyakazi. Kila likizo alirudi Iringa na vipande vya mninga alivyonunua kwa mafundi wenzake, mabaki ambayo wao waliyaona mafupi mno kwa kitanda au kabati. Alivipanga uvunguni mwa vitanda. Watoto walikua wakilala juu ya mbao za baba yao. Alipostaafu, uvungu ulikuwa umejaa hata paka hapiti, ndipo akaanza kutandika. Majirani walimcheka, wakasema Kalinga anawaandalia mchwa karamu. Yeye alipaka oili chafu upande wa chini, akachomeka ulimi wa ubao mmoja kwenye mfereji wa mwenzake, akasugua kwa msasa, akamaliza kwa nta. Mchwa hawakuja. Waliokuja ni wale waliocheka, wakasimama mlangoni na viatu mkononi, wakiomba kuona.

Ikupa mwenyewe hakuipenda sakafu ile, wala hakuficha. Yeye ni Mnyakyusa, kakulia Uyole kule Mbeya, katika nyumba ambayo mgeni huingia na tope lake na kuambiwa karibu. Kwa mumewe akakuta sheria. Viatu vinaishia kizingitini. Maji yakimwagika yanafutwa kabla ya kuulizana nani kamwaga. Kiti hakiburutwi, kinanyanyuliwa. Miguu ya viti vyote ilifungiwa vipande vya lile blanketi nene la sufu linalobeba karatasi mbichi kwenye mashine za kiwandani, ambalo likichakaa hutolewa, na wafanyakazi huligawana kwa matumizi ya nyumbani. Na nani alikuwa akiipiga nta sakafu hiyo kila Jumamosi? Magoti ya Ikupa. Wanawake wenzake wa kikundi cha kuweka akiba walipokutana kwake, walikaa wamebana miguu kama wako kwa padri. Mara nyingi alimwambia mumewe kwamba ameoa sakafu, yeye kaletwa kuitumikia.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa friza. Ikupa aliinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa mdogo wake Saulo anayeuza majokofu yaliyotumika, friza kubwa ile ya kufunguliwa kwa juu, ili biashara ya maziwa ikue. Ilipofika Iringa, Liberatus aliwasimamisha wabebaji nje, akatandaza blanketi zito, akatandika plaiwudi juu yake, akaamuru hiki na kile, akapita mwenyewe na ufagio mbele yao kama shemasi mbele ya maandamano. Ndugu za Ikupa walikuwapo. Walicheka chini chini, na yeye akaona haya. Jioni alimwambia mumewe maneno makali. Liberatus alimsikiliza, kisha akasema mti umechukua umri wa babu yake kukua, hauwezi kuharibiwa na haraka ya mchana mmoja. Ikupa akamjibu kwamba mti umekwisha kufa. Friza ikawekwa katika chumba kidogo cha nyuma, karibu na bafu, ikakaa huko miaka.

Masika yaliyopita Liberatus alianguka karakanani kwake, randa ikiwa mkononi. Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa na upande wa kulia uliolala na mdomo uliokataa kutii. Alijaribu kusema, ikatoka sauti isiyo na umbo, basi akaacha kujaribu. Kama alielewa anayoambiwa au la, hakuna aliyejua kwa hakika, na watu hawakungoja kujua. Waliokuja kumpa pole walimsalimia kwa sauti ya juu, kama anayesemeshwa ni kiziwi, kisha wakamgeukia Ikupa na kuuliza: amekula? Analala? Anatambua watu? Na Ikupa akajibu. Mwanzoni alikuwa akimtazama mumewe anapojibu. Baadaye hata hilo aliacha. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani asipate vidonda, na hakuna aliyeweza kusema kwamba alimtunza vibaya. Ila maneno kati yao yalikauka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuona sababu ya kumwaga maji kwenye mchanga.

Faustina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, ndiye aliyetoa shauri la chumba. Alisema mgonjwa anayetaka kurudi kwenye miguu yake anahitaji kulala karibu na bafu, ajaribu kwenda mwenyewe. Chumba hicho ni kimoja tu, chumba cha friza, nacho hakikuwa na mlango wa nje. Friza ingepaswa kutoka kwa kupita sebuleni, ivuke mninga wote mpaka barazani, ambako Ikupa angeuzia maziwa huku akimsikia mumewe akiita au akianguka. Akampigia simu Saulo, naye akaahidi kuja.

Saulo alifika kwa basi la asubuhi kutoka Mbeya, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya Juni. Walisalimiana kwa lugha ya kwao, akanywa chai, akaenda kuitazama friza aliyoiuza mwenyewe. Ikupa alikuwa ameshaichomoa kwenye umeme tangu jana yake, akaacha barafu iyeyuke. Dastan, jirani, alikuja pamoja na mwenzake anayepakia magunia sokoni. Liberatus alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake kando ya dirisha la sebule, blanketi mapajani, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto.

Saulo alipima mlango kwa macho, akapima sebule. Si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara, amezoea kuhamisha vitu vizito siku nzima kwenye saruji, na alikuwa na basi la kurudia.

"Dada, tuisukume tu," alisema. "Hizi mbao hata zikipata mikwaruzo, nani atahangaika nazo sasa? Shemeji mwenyewe ndiyo huyo."

Alisema bila kupunguza sauti. Akaongeza kwamba ingekuwa vizuri shemeji apelekwe kwa jirani apumzike, asisumbuliwe na kelele.

Ikupa aligeuka kumtazama mumewe, na ilikuwa siku nyingi hajamtazama hivyo, bila kijiko wala kitambaa mkononi. Liberatus hakuwa anawatazama wao. Macho yake yalikuwa chini. Yalianzia mlango wa chumba cha nyuma, yakaja taratibu juu ya mbao, yakasimama pale sebule inapopinda, yakaendelea hadi kizingiti cha barazani, kisha yakarudi yalikotoka. Ikupa aliwahi kuyaona macho hayo yakifanya hivyo mara nyingi, juu ya ubao, kabla ya penseli kutoka sikioni. Mtu anayepima haja ya kitu na ukubwa wa nafasi yake.

"Atabaki hapo hapo," alimwambia mdogo wake. "Sakafu ni yake. Na usimseme kama hayupo, Saulo. Mimi nimemsema hivyo vya kutosha."

Ikupa akaenda chumbani, akapanda juu ya kiti, akashusha blanketi la kiwandani lililokuwa limeviringishwa juu ya kabati tangu siku ile ya ugomvi. Plaiwudi aliikuta karakanani, vipande viwili, vimeegemezwa ukutani upande mzuri ukitazama ndani. Alipoanza kuwapanga wale wanaume, aliyasikia maneno yakimtoka moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Aliwaambia wavue viatu. Akafagia njia nzima, akarudia kwa kitambaa chenye unyevu, akarudia kwa kikavu, akiwaeleza kwamba chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitu kizito inageuka kuwa patasi. Akatandaza blanketi kwanza, plaiwudi juu, ili uzito usikae mahali pamoja. Akawaonyesha jinsi ya kutumia vipande viwili kama daraja linalotembea: friza ikisimama juu ya kimoja, kingine kinatolewa nyuma na kupelekwa mbele. Akakifunga kifuniko kwa kamba kisije kikafunguka. Miaka yote hiyo alidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa akisikiliza kwa hasira, na hasira nayo ina kumbukumbu.

Waliinyanyua friza ikatoka chumbani. Dastan na mwenzake walishika chini, Saulo akaisawazisha kwa juu. Ikakanyaga kipande cha kwanza, sakafu ikaguna kidogo, ikatulia. Wakaisogeza kwenye cha pili. Walikuwa wamefika pale sebule inapopinda, wanaume wakihema, ndipo Liberatus alipopiga mkono wa kiti kwa kiganja chake cha kushoto.

Wote walisimama. Alipiga tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ikamtoka, ile sauti isiyo na umbo. Dastan alisema mzee labda anataka kwenda msalani. Saulo alisema labda amechoka. Ikupa alikuwa karibu kusema ngoja tumalize kwanza, neno lilikuwa ulimini. Badala yake alienda akapiga magoti mbele ya kiti, macho yake yakawa sawa na ya mumewe.

"Baba Happy, ni nini? Nionyeshe."

Alimwita kwa jina la binti yao mkubwa, kama zamani. Liberatus alishusha mkono wake wa kushoto, akaelekeza kidole chini ya friza. Kisha akakiinua, akakusanya ncha za vidole kama mtu aliyeshika kitu kidogo, akazisukuma mbele na kuzizungusha. Ikupa hakuelewa. Alitikisa kichwa, akamwomba arudie. Akarudia, taratibu, bila kukasirika, kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi. Kitu kidogo. Kinasukumwa. Kinaziba.

"Kizibo," alisema Ikupa.

Liberatus alifumba macho, akayafumbua. Ikupa akainama chini ya friza. Kizibo cha tundu la kutolea maji hakikuwapo. Alikitoa mwenyewe jana ili barafu iliyoyeyuka itoke, akasahau kukirudisha, na maji yaliyokuwa yamejificha ndani yalikuwa yakishuka kimya kimya kila friza ilipoinama. Yalipita pembeni mwa plaiwudi, yakanyonywa na blanketi. Kwa juu hakuna aliyeweza kuyaona. Aliyekuwa ameketi kitini karibu na dirisha, mwanga ukimjia kwa ubavu, huyo aliona ukingo wa blanketi ukibadilika rangi. Wangeendelea, sufu iliyolowa ingebaki imelalia mbao chini ya mzigo ule, na mninga ungekunywa maji kwenye maungio.

Kizibo kilipatikana jikoni, ndani ya kikombe. Wakakichomeka. Wakavuta blanketi lililolowa, wakafuta mbao, wakatandika mashuka mazito yaliyokunjwa badala yake. Wakati wanafanya hayo Saulo aliacha kutazama saa. Walipofika kwenye kizingiti cha barazani, mahali penye ukingo ulioinuka, ni Saulo aliyegeuka nyuma na kuuliza, na hakumuuliza dada yake.

"Shemeji, tuipitishe kwa ubavu au ikiwa wima?"

Liberatus alisimamisha kiganja chake. Wima. Wakaipitisha wima, Saulo na wenzake wakiinyanyua kwa mikanda ya yule mpakia magunia, juu ya kizingiti, hadi kwenye saruji ya baraza. Saulo alikataza isichomekwe kwenye umeme kabla ya kesho, mafuta ya kompresa yatulie, na hilo lilikuwa somo lake mwenyewe, alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale.

Dastan na mwenzake walikula wakaenda zao. Saulo aliliacha basi lake liende. Alikaa chini karibu na kiti cha shemeji yake, miguu amenyoosha juu ya mninga, akamsimulia habari za Mbeya: biashara inavyokwenda Mwanjelwa, bei za viazi Uyole, nani kaoa na nani kazikwa. Alisimulia kama mtu anayezungumza na mtu, akinyamaza mahali ambapo mwenzake angecheka, na mara moja mwenzake alicheka kweli, kwa nusu ya mdomo.

Ikupa hakukaa nao. Aliingia katika kile chumba cha nyuma, kisicho na kitu sasa, kikiwa na alama ya mraba mweupe sakafuni mahali friza ilipokuwa. Huku hakukuwa na mbao, ni saruji tu. Alikaa chini, mgongo ukutani. Alifikiri juu ya miezi ile yote. Alikuwa akimgeuza kitandani kwa uangalifu, akimpangusa, akimkinga na baridi, akimhamisha huku na huku asipate doa, kama mtu anavyotunza chombo cha thamani. Ila swali hakuwa amemuuliza hata moja. Na yeye alikuwa humo ndani muda wote, anaona kila kitu, anangoja mtu apige magoti na kusema nionyeshe. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akanyanyuka kutandika kitanda.

Kuanzia hapo alianza kumuuliza. Ugali au ndizi? Dirisha lifungwe? Ng'ombe wa mama fulani ametoa maziwa mepesi, tuyakubali? Majibu yalikuja kwa kiganja na kwa macho, mengine alikosea kuyasoma, wakakasirikiana kama watu wa ndoa. Faustina aliporudi alimkuta mgonjwa wake anasimama kwa kushika fremu ya chuma ya kutembelea, akafurahi, kisha akatazama chini akasita. Alisema sakafu hii inateleza mno. Nta yote hiyo ni hatari kwa mtu mwenye mguu unaoburuta. Alishauri itandikwe zulia la plastiki, ligundishwe kwa gundi kila upande.

Ikupa alimgeukia Liberatus, akamwambia amesikia mwenyewe, aamue. Liberatus akaelekeza kidole upande wa karakana, akasugua kiganja chake juu ya paja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Msasa. Hakutaka gundi wala plastiki. Alitaka nta itolewe.

Kwa miaka mingi Ikupa aliipigia sakafu ile magoti ili ing'ae. Sasa akaipigia magoti kuifubaza, upana wa fremu ya chuma na zaidi kidogo, toka chumba cha nyuma hadi barazani, huku mwenye sakafu akiwa kitini na kidole chake kinamwonyesha hapa bado, hapa inatosha, hapa umezidisha. Kazi ilipokwisha, njia ile ilionekana wazi, imepauka katikati ya wekundu wa sebule. Mtu angedhani itamuuma Liberatus. Alianza kuipita siku iliyofuata. Raba za fremu ziliacha alama nyeusi kwenye mbao, na mguu wake wa kulia ukaacha mstari wake, na Ikupa alipotaka kuzifuta alimzuia kwa mkono.

Siku hizi Liberatus hushinda barazani, kando ya friza, akipokea salamu. Ni pale lilipomjia neno la kwanza. Mama mmoja mtu mzima wa Kihehe alikuja na kidumu chake akasema kamwene, kama kila siku, na Liberatus akamwitikia kamwene, neno zima, lina kichwa na mkia. Ikupa alikuwa ndani anachuja maziwa, akaja mbio na kitambaa mkononi. Alimsemesha kwa Kiswahili, lugha ambayo waliposana kwayo na kugombana kwayo, na Kiswahili hakikutoka. Wiki zilivyokwenda yalikuja maneno mengine, na yote yalikuwa ya Kihehe, maneno ya utotoni, ya mama yake. Faustina alieleza kwamba huwa inatokea hivyo: lugha ya mwanzo ina mizizi ya chini zaidi. Kiswahili huenda kikarudi, huenda kisirudi chote.

Ikupa alikuwa ameishi Iringa miaka yote ya ndoa yake bila kujifunza Kihehe zaidi ya salamu na majina ya mboga. Hakuona haja. Sasa alimwendea Rozalia, bibi wa nyumba ya pili, akamwomba amfundishe. Rozalia huja alasiri, anapewa kikombe cha mgando, anakaa kwenye kigoda kati ya mke na mume, na somo linaanza. Ulimi wa Ikupa ni wa Mbeya, unayapinda maneno. Akilikosea neno vibaya sana, Liberatus hucheka kwa ile nusu ya mdomo mpaka machozi yamtoke, na Ikupa humuuliza, kwa Kinyakyusa ambacho yeye naye hakuwahi kujifunza, kama aliwahi kumcheka mtu kwao Uyole hivyo akaachwa salama. Kisha humwomba Rozalia alitamke tena, polepole, na wateja wa maziwa wanasubiri.